Gobori Ndani ya Ukuta

Nyundo ya fundi Niyomugabo ilipopiga ukuta wa ghala kuukuu, kilicholia hakikuwa tofali la udongo. Kililia chuma. Niyomugabo akaishusha nyundo, akafuta vumbi kwa kiganja, akachungulia kwenye ufa. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Madamu Yasmina! Kuja uone! Iko kitu mu ukuta!"

Yasmina alikuwa barazani, amezama katika kushona sare za harusi ya watu wa Kanama. Aliacha cherehani na kukimbia uani. Ghala lile lilikuwa chumba cha mwisho kilichobaki cha nyumba ya zamani ya ukoo wao pale Gisenyi, mji wa Rwanda ulio kando ya ziwa, na alikuwa akilibomoa ili apate chumba cha kuwekea vyerehani viwili zaidi. Katika ufa aliona ngozi ya ng'ombe iliyokauka ikawa ngumu kama ubao. Pale ngozi ilipochanika, mtutu wa bunduki ulikuwa umejitokeza, mweusi, mrefu.

"Usiiguse," alisema. "Hata vumbi usilipanguse tena."

Alimpigia simu mkuu wa mtaa, naye akasema polisi wako njiani. Lakini Gisenyi habari hutembea kabla ya gari. Wa kwanza kufika alikuwa baba yake mdogo, Mudathiru, muuza mabati na misumari, bado ana kalamu sikioni. Aliutazama ule mtutu, akainua mikono juu.

"Allahu akbar! Mulikuwa munaniita muongo! Mi nilisema miaka yote, babu yetu Kadiri alikuwa askari ya Wadachi, wale Wajerumani wa zamani. Sasa bunduki yake si hii?"

Nyuma yake alikuwa anakuja dada yake mkubwa, Kaltumu, polepole, ameshika ukuta. Kaltumu alikuwa na miaka themanini na kitu, na katika ukoo ule hakuna aliyethubutu kumkatiza.

"We Mudathiru, askari wapi?" alisema. "Babu alikuwa anauzisha nguo. Alitoka Ujiji na nguo, akaoa hapa, akauzisha nguo. Bunduki ya kupimia kitambaa?"

Watu walicheka. Ua ulikuwa umejaa majirani, wengine wamepanda juu ya matofali ili waone. Kati yao alipita Janvier, kijana mwenye miwani myeusi anayenunua vinyago na vitu vya kale na kuwauzia wageni wa hoteli za ufukweni. Alipiga goti mbele ya ufa, akawasha taa ya simu, akapiga mluzi.

"Bon. Hii ni Mauser. Ya Wadachi, ya vita ya kwanza," alisema kwa sauti ya mtu asiyekosea. "Yasmina, polisi hawajafika bado. Munipe sasa hivi, mi nawapa pikipiki. Mupya, bado na nailoni yake."

Pikipiki mpya! Yasmina aliona macho ya Niyomugabo yakimtoka. Yeye mwenyewe alimeza mate. Kwa pikipiki angeweza kuezeka chumba, akapaka na rangi. Lakini bunduki ni bunduki, hata ikiwa na umri wa mababu, na nchi hii haichezi na silaha. Tena kulikuwa na jambo jingine lililomkereketa: Janvier alikuwa na haraka mno.

"Hapana," alisema. "Itangoja polisi wenyewe."

Polisi walipofika waliwasogeza watu, wakafunga kamba, wakaacha askari wawili walinde ukuta. Afande aliyewaongoza alipiga picha na kuzituma Kigali. Baada ya muda simu yake iliita. Alisikiliza, akatabasamu.

"Wanasema tusiiguse. Kesho asubuhi anakuja mtaalamu wa jumba la makumbusho. Na mtu wetu wa silaha."

Usiku ule hakuna aliyelala vizuri katika nyumba ile.

Mtaalamu alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa buti, jina lake Illuminée. Alikulia Tanzania, katika familia iliyorudi Rwanda baada ya miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Aliwasalimia wote kwa heshima, akampigia magoti Kaltumu, kisha Niyomugabo akatoa matofali machache taratibu, naye akaifunua ngozi pale ilipochanika, akalala kifudifudi kwenye vumbi, taa mkono mmoja na kioo kidogo mkono wa pili, akaanza kutazama.

Alikaa hivyo muda mrefu. Mudathiru hakuweza kuvumilia. "Madamu, ni Mauser, si ndiyo?"

"Siyo, mzee wangu," alijibu bila kugeuka. "Mauser hujazwa risasi kwa nyuma. Hii haina mlango wa nyuma. Hili ni gobori. Baruti na risasi viliingizwa hapa mdomoni, vikashindiliwa kwa mdeki, huu ufito wa chuma uliolala chini ya mtutu. Halafu fataki ikawekwa juu ya hiki kinundu, nyundo ikaipiga. Shoo!"

"Donc, kumbe si ya Wadachi?" aliuliza Mudathiru, na sauti yake ilishuka.

"Subirini kwanza." Kwa brashi laini alisafisha bamba la chuma lililokuwa ubavuni mwa bunduki. Herufi zilianza kutokea, na juu yake taji. "Limeandikwa *Tower*. Hiyo ni alama ya bunduki za Waingereza."

"Ya Waingereza!" majirani wakapokezana, mpaka neno likafika barabarani.

"Subirini!" alisema Illuminée tena, na sasa sauti yake mwenyewe ilikuwa inatetemeka kwa furaha. Alikuwa ameingiza kile kioo chini ya mtutu. "Kuna alama nyingine huku kwenye mtutu. Duara lenye umbo la yai. Ndani yake, E, L, G, na nyota. Yasmina, njoo uone. Wewe una macho ya sindano."

Yasmina alilala kando yake vumbini. Aliiona: ndogo kama kifungo cha shati, lakini safi, kana kwamba ilipigwa jana.

"Hiyo ni alama ya wakaguzi wa mji wa Liège, Ubelgiji," Illuminée alieleza. "Mafundi wa Liège walitengeneza magobori kwa maelfu ya kuuzwa Afrika, na mengine wakayapiga mhuri wa Kiingereza ili wanunuzi wayaamini. Hili ni Mbelgiji aliyevaa koti la Mwingereza! Na tazama, juu ya hilo yai hakuna taji dogo. Taji liliongezwa mwaka 1893. Kwa hiyo mtutu huu ulikaguliwa kabla ya hapo, wakati hakuna Mdachi hata mmoja aliyekuwa ameona ziwa hili."

Kaltumu aligonga chini kwa fimbo yake. "Mi nilisema nini? Ilikuja na nguo!"

Mudathiru alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akacheka, akatikisa kichwa. "Basi. Bunduki ya babu ilitangulia Wadachi. Hiyo nayo si kidogo."

"Na bei?" aliuliza Janvier kutoka nyuma ya kamba.

"Kwa wanunuzi? Kidogo sana. Yalitengenezwa mengi mno, na hili nyundo yake imevunjika, kitako kimeliwa na mchwa. Labda bei ya tairi la pikipiki." Watu waliangua kicheko, naye Janvier akavua miwani, akaifuta, akaondoka. "Lakini kwetu sisi makumbusho," Illuminée aliendelea, "gobori ambalo tunajua lilikuwa la nani, lilikaa nyumba gani, na bado liko ndani ya ngozi aliyolifunga mwenyewe! Mimi sijawahi kuliona la namna hiyo."

Kisha akawa mtu wa kazi tena. Alimwomba Niyomugabo ufito mwembamba wa mwanzi. Akiwa amesimama pembeni, asikae mbele ya mdomo wa bunduki, aliuingiza ufito taratibu mpaka ukagota. Aliuwekea alama, akautoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje.

Sehemu iliyoingia haikufika hata nusu ya mtutu.

Uso wake ulibadilika. "Afande," alisema kwa upole, "ondoa watu wote uani. Kuna kitu ndani."

Hapo ndipo vurugu zilipoanza. Majirani walioparamia matofali walishuka mmoja juu ya mwingine. Gobori linaweza kukaa na baruti yake miaka mia, alieleza Illuminée, na baruti kavu haisahau. Mtu wa silaha, aliyekuwa amefika pamoja naye, alimimina maji mtutuni na kwenye kile kinundu, tone kwa tone, akarudia na kurudia. Walingoja nyumba ya jirani, chai ikipoa mikononi, mpaka baada ya swala ya alasiri.

Ndipo yule mtu wa silaha alipofunga parafujo ndefu kwenye ncha ya fimbo ya mti, akajikinga nyuma ya mifuko ya mchanga, akaizungusha mtutuni na kuvuta. Yasmina, Kaltumu na Mudathiru walichungulia kupitia dirisha la jirani. Kilitoka kipande cha kitambaa cheusi kilicholowa. Alivuta tena. Kikatoka kingine. Mara ya tatu alisimama, akatazama kiganja chake, akaita kwa mshangao:

"Si baruti! Madamu, si baruti! Ni shanga!"

Illuminée alikimbia. Yasmina alikimbia nyuma yake, na hakuna polisi aliyemzuia. Kutoka katika mdomo wa gobori zilikuwa zinamwagika shanga nyekundu, nyekundu kama pilipili iliyoiva, ndani zina moyo mweupe. Uzi wake ulikuwa umeoza, lakini shanga zenyewe zilikuwa zinang'aa kwa yale maji. Zilijaa kiganja cha kwanza, cha pili, zikaanguka kwenye vumbi, na wote wakapiga magoti kuziokota.

"Samesame," alisema Illuminée. "Shanga za misafara. Kwa wakati ule, hizi peke yake zilikuwa na thamani kuliko gobori."

Walipomletea Kaltumu, zimewekwa kwenye sahani, aliisogeza karibu. Alizigusa kwa kidole. Kisha machozi yakamtoka.

"Nyanya yetu, Nyirasafari," alisema. "Mi nilikuwa mutoto mudogo wakati alikufa. Alikuwa anaimba akitwanga, na wimbo wake ulikuwa kumulaumu babu. Siku vita ya Wadachi iliingia hapa Gisenyi, asubuhi alitafuta shanga zake za harusi, hazikuwa. Na babu pia hakuwa. Walimuchukua kubeba mizigo ya askari, hakurudi tena. Watu walimuambia, mizigo ni uongo, bwana wako alikuuzishia shanga, akakimbia. Alikufa na ile uchungu."

Mudathiru alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia, akakaa chini kwenye mkeka karibu na miguu ya dada yake, jambo ambalo Yasmina hakuwahi kuliona.

"Hakuuzisha, dada," alisema. "Alimufichia. Alikuwa anarudi."

"Ndiyo," alisema Kaltumu. Alijifuta kwa ncha ya kanga, na polepole tabasamu likaenea usoni mwake. "Alikuwa anarudi. Wallahi, alikuwa anarudi! Yasmina, lete sindano. Lete uzi ya nguvu, ile ya kushonea jinzi."

Gobori lilikwenda makumbusho, limelala katika kasha lenye pamba, na karatasi yenye majina mawili: Kadiri na Nyirasafari. Shanga chache Kaltumu aliruhusu ziende nalo. Nyingine Yasmina alizitunga jioni ile ile, watu wakimzunguka, na shangazi yake akazivaa shingoni akapita nazo barabara nzima mpaka sokoni, akisimama kila mlango ambapo mtu alimsalimia.

Kazi ya ghala iliendelea, lakini si kama mwanzo. Niyomugabo alikataa katakata kutumia nyundo kubwa. Yeye na wasaidizi wake walilitoa kila tofali kwa mkono, wakaligonga kwa kidole, wakalitegea sikio, wakacheka, wakashika jingine.