Mkanda wa Ghala la Maboksi

Kipkosgei alipoteza sauti ya mkewe siku ya Jumapili, kanisani, katikati ya wimbo. Alikuwa amesimama na waumini wenzake pale Kitale, mdomo unaimba, akili iko kwa Jeruto, akatamani tu kumsikia akimwita jina kama zamani. Jina lilikuja. Lakini lilikuja kwa sauti yake yeye mwenyewe, nzito na yenye mikwaruzo. Alipofika nyumbani akajaribu tena, ameketi mbele ya picha ya Jeruto ukutani. Wapi. Maneno yote alikuwa nayo, sauti hana. Jeruto alikuwa amezikwa miaka miwili tu iliyopita, na mzee huyu akaona kwamba amefiwa mara ya pili, safari hii bila hata jirani wa kumletea pole.

Cha ajabu ni kwamba Kitale nzima hapakuwa na mke aliyerekodiwa kumshinda Jeruto.

Zamani, kabla kila mtu hajaanza kutembea na sinema mfukoni, Kipkosgei alikuwa msimulizi wa picha za karate. Si zile za Wachina. Zile za Wamarekani, za bei ya chini, ambazo hata huko kwao sijui kama kuna aliyezitazama hadi mwisho. Stering, yaani shujaa wa picha, amefunga kitambaa kichwani, ndugu yake anauawa mapema, na kuanzia hapo ni mateke mtindo mmoja. Majambazi wanamzingira kundi zima, lakini kwa adabu yao wanakuja mmoja mmoja. Gari moja linalipuka mara mbili, kwa sababu hela za gari la pili hazikuwepo. Na vita vya mwisho lazima viwe ndani ya ghala la maboksi matupu, maana boksi halimuumizi mtu akiliangukia. Kipkosgei aliyapenda maboksi yale, na ole wako umcheke.

Kazi yenyewe ilikuwa ya deki mbili na maikrofoni moja, ndani ya chumba cha mabati nyuma ya nyumba. Deki ya kwanza inacheza picha, yeye anaongea Kiswahili juu yake, deki ya pili inanasa. Hapakuwa na kukata wala kubandika. Ukikosea, unaanza upya kutoka mwanzo. Kwa hivyo sheria ilikuwa moja: mkanda ukizunguka, hakuna kumjibu mtu, hata nyumba ikiwaka moto. Baadaye Jeruto naye akaingia kazini, akawa ndiye anayesema maneno ya wanawake wote, wachumba, mama za majambazi, hata mapolisi wa kike. Siku za soko walibeba jenereta mpaka Ndalu wakaonyesha picha zao huko, na akina mama wa Ndalu walikuwa wakikutana na Jeruto kwenye mboga wanampa pole kwa vile alivyotekwa nyara.

Utauliza mikanda hiyo ilikwenda wapi. Ilikwenda shambani. Biashara ilipokufa, Jeruto mwenyewe ndiye aliyetoa wazo: ndege walikuwa wanamaliza wimbi lao, ule ulezi wa uji, na utepe wa kaseti ukiufunga kutoka kigingi hiki hadi kile, upepo ukipita unavuma na ndege hawakaribii. Wakaifungua mikanda yote, mtu na mkewe, wakicheka, wakaitandaza juu ya shamba. Mwaka huo walivuna wimbi vizuri sana. Sauti ya Jeruto ikavuma kule mpaka jua na mvua vikaimaliza, na Kipkosgei hakuona cha kusikitikia, kwa sababu mwenye sauti alikuwa jikoni.

Basi simu ya Manju ilipoingia, wiki ile ile ya kanisani, ilimkuta akiwa hana pa kushika. Manju ni binti wa marehemu Mahesh, yule mwenye duka la Bungoma aliyekuwa akinunua nakala za Kipkosgei na kuzikodisha. Siku hizi duka linauza sare za shule, na Manju alikuwa anasafisha stoo.

"Mzee Kipkosgei, hapa kuna kaseti yako moja," alisema. "Ile ya ghala. Utakuja kuchukua ama nitupe?"

"Mama Shweta, usitupe. Usiguse hata vumbi yake. Kesho niko hapo."

Zote zilikuwa za ghala, lakini moja tu ndiyo watu walikuwa wameipa jina hilo, na Kipkosgei aliikumbuka vizuri. Ndani yake kuna daktari wa kike anayemshona stering bega, na daktari huyo anaongea tangu mwanzo mpaka mwisho. Yaani Jeruto tangu mwanzo mpaka mwisho. Asubuhi akanyoa ndevu, akavaa koti lake la harusi za watu, akashika njia ya Bungoma. Ukimwona ungedhani anaenda kuposa.

Manju alikuwa ameweka deki na televisheni ya babake juu ya kaunta, kati ya sweta za kijani na soksi.

"Hii kitu imezeeka, mzee. Inakula mkanda," alimwonya. "Ikikula usinilaumu. Wacha nirekodi na simu yangu, hata kama ni kidogo. Nitakuwekea kwa memori kadi."

"Sawa. Na tusiongee," alisema Kipkosgei. Sheria ni sheria.

Ikaja mistari, ikaja muziki, kisha ikaja sauti ya kijana mmoja mwenye maringo akiwakaribisha wapenzi watazamaji. Kipkosgei alijisikia haya kidogo kwa ajili ya kijana yule. Ndugu akauawa. Stering akaapa. Halafu mlango wa kliniki ukafunguka, daktari akaingia na koti jeupe, na Kipkosgei akakaza macho.

"Ai, stering wangu, hili bega nani amekuumiza hivi?" akasema daktari.

Ilikuwa sauti ya Kipkosgei mwenyewe, imebanwa puani, imekonda, sauti ya mwanaume aliyekanyagwa na ng'ombe. Manju aliziba mdomo asicheke. Kisha akaona uso wa mzee, na kicheko kikamwisha.

Hapo ndipo Kipkosgei alipokumbuka. Picha ile aliirekodi mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa peke yake, watu wa Ndalu wakamcheka yule daktari mpaka jenereta ikazimwa, ndipo akairudia na Jeruto. Nakala ya Bungoma ilikuwa ile ya kwanza. Kutoka Kitale mpaka hapa, na koti, na ndevu, kumbe amekuja kujisikiliza. Alitaka kulia, na wala hakuona aibu ya kutaka. Akamwonyesha Manju kwa mkono azime.

Manju akanyoosha kidole kwenye deki. Na Kipkosgei akamshika mkono.

Chini ya ngumi na mateke kulikuwa na mtu anacheka. Si ndani ya picha. Ndani ya chumba cha mabati, upande wa mlango, mtu anacheka huku anajizuia.

"Mwanamke gani anaongea hivyo, wewe Kipkosgei?"

Ilikuwa sauti ya chini kuliko ile aliyokuwa akiisaka, na ya haraka, na mwishoni mwa jina ilipanda kidogo. Ndiyo hiyo. Alishangaa kwamba aliwahi kuisahau. Kijana wa kwenye mkanda hakumjibu. Aliendelea na stering wake, ambaye sasa alikuwa juu ya maboksi. Mvua ikasikika kwenye mabati, na kijiko kikigonga kikombe.

"Kipkosgei. Chai inapoa."

"Hapo sasa stering anaruka," alisema kijana, "anamtafuta adui yake."

"Si nakuita, Kipkosgei. Chai."

Mzee akasimama kutoka kwenye kigoda. "Nakuja," alisema kwa sauti, katikati ya sweta za kijani. "Nakuja, Jeruto. Nimesikia."

Deki ikakoroma, picha ikajikunja, kioo kikawa cheusi. Manju akahangaika na kifuniko, akatoa kaseti na utepe uliotafunwa ovyo. Hapakuwa na cha kuunga.

"Pole, mzee. Imekula." Akaichukua simu yake, akasikiliza kidogo. "Imeshika, lakini si umeongea juu yake? Mtu akisikiza, atasikia na wewe."

"Hebu cheza."

Akacheza. Jeruto akaita. Kijana akaendelea na vita vyake. Jeruto akaita tena, na mara hii mzee mmoja akamjibu.

"Nijaribu kukutoa?" Manju aliuliza. "Shweta wangu anajua kukata hizi vitu."

"Hapana, wacha hivyo," alisema Kipkosgei. "Alikuwa ananingoja."