Anaongea na Kioo

...na usipepese macho, amesema, kana kwamba kupepesa ni jambo la kuombewa likizo, sawa Kogo, ndivyo kwetu tunavyomwita bibi, sipepesi, nimekaa kwenye kiti cha jikoni katikati ya sebule hii ya Annandale, huku ughaibuni, shingo imekaza, mikono magotini kama mtahiniwa, naye amenipa mgongo, ndiyo, mgongo, maana mimi nachorwa lakini siangaliwi, anayeangaliwa ni yule Cherono mwingine kwenye kioo kikubwa mbele yetu, mwenye kovu juu ya nyusi ya kulia, ilhali langu, zawadi ya mlango wa zizi, liko kushoto... simu imetetemeka mfukoni, ni Audrey wa ofisini, wale wanaonituma kutunza wazee majumbani, najua bila kutazama, asubuhi aliacha ujumbe wa sauti, "Cherono dada, si unitumie hiyo fomu, swali la kumi na saba tu ndilo limebaki, tiki moja, saa sita nafunga faili ya huyu mama," tiki moja, fomu ina kurasa tisa na inataka kujua kama mteja anakumbuka alichokula Jumanne, swali ambalo mimi mwenyewe ningeshindwa kulijibu, kisha la kumi na saba, Je, umewahi kumwona mteja akizungumza na kioo, Ndiyo, Hapana, visanduku viwili vidogo kama punje za wimbi, na mwaka jana swali hilo halikuwepo, amelizaa Audrey baada ya kuja kukagua mwezi wa nne, mimi ndiye niliyeinuka kumfungulia mlango, kiti kikabaki kitupu, na Kogo Ilka, miaka themanini na minne, akaendelea kukisemesha kioo, akicheka, akikinyooshea brashi, "wewe pua, tulia," Audrey akasimama pale kwenye zulia akaandika, akaandika... "Kidevu juu, kipenzi." Nimeinua. Nikitia Ndiyo, faili inakwenda kwa Ferdinand, mwanawe, kule Germantown, ambaye si mtu mbaya, ni mtu wa foleni za magari tu, na ameshapata nyumba ya wazee wanaosahau, dakika kumi kutoka kwake, bustani nzuri, milango inayofunguka kwa namba, rangi za mafuta marufuku, tapentaini marufuku, kwa sababu ya moto, nikitia Hapana nimedanganya, na chini kuna mstari wa sahihi, nathibitisha kwamba haya ni kweli... lakini kweli gani, hicho ndicho ninachotaka kujua, sijui kama siku ile alijua kiti ni kitupu, miezi miwili nakizunguka kitu hiki kama kuku na konokono, kwa sababu yeye amenieleza mengi, Budapest, miaka kumi na mmoja jukwaani, michezo ya kuimba, yeye akiwa yule anayeingia sehemu ya pili, anacheza, anaangusha sinia, anapendwa na asiyefaa, na chumba cha kuvalia kilikuwa na meza moja, kioo kimoja, wasichana wawili, yeye na Margit, kila mmoja akijipaka uso wake, nusu saa kabla ya pazia, hapo ndipo alipojifunza kuchora, kwa kalamu ya nyusi, nyuma ya karatasi za ratiba, akimchora Margit aliye kiooni, maana Margit akigeuka rangi ya mdomo inaharibika, waligombana kiooni, wakapatana kiooni, "uso wake hasa," aliniambia, "nadhani niliuona mara tano"... basi huyu mama ananiona jinsi ninavyojiona nikipiga mswaki, kovu kulia, sura ambayo mama yangu mzazi hakuwahi kuiona, ajabu hiyo, hakuna kisanduku chake... "Kidevu, Margit." Mara ya pili leo. Swali la tisa, Je, mteja hukuita kwa jina lako... uliza basi, Cherono, midomo haijakatazwa, Kogo, nimesema kwa meno yaliyofungwa, Margit yuko wapi siku hizi? "Amekufa, mwaka ule wa theluji nyingi," bila kugeuka, "na wewe ni Cherono, unayeninyima sukari. Lakini umekaa pa Margit." Na siku ile mkubwa wangu alipobisha, nikainuka, ulikuwa ukiongea na nani? "Na mwenzangu aliyechelewa kutokea. Kwetu mwenzio akichelewa husimami ukatoa macho, unasema maneno yako na yake mpaka aingie. Watu wamelipa. Yule mwanamke mwenye karatasi hata kupiga makofi hakupiga"... umekaa pa Margit, hebu, kumbe hili nalijua, kwetu Kericho mtoto akizaliwa wanawake humtajia majina ya wafu wa ukoo, mmoja mmoja, mpaka apige chafya, na aliyetajwa hapo ndiye aliyerudi, nilitajiwa matatu nikawatazama tu, la nne, Taprandich, nikapiga, ndipo mama mkubwa akanishika mkono akaniamkia, karibu nyumbani, ulichelewa, na hakuna aliyemjazia fomu, na jina hilo halimo kwenye pasipoti, pale ubalozini, Majina mengine uliyowahi kutumia, niliandika Hakuna nikala kiapo, serikali nzima ikaniamini... basi nitatia Ndiyo, Audrey, Ndiyo kubwa, kisha kando ya kisanduku, pale palipoandikwa usiandike hapa, nitaandika kwamba anaongea na kioo kwa sababu mimi nimo, na siku nisipokuwemo anashika zamu yangu, mpelekee Ferdinand hivyo hivyo, asome akiwa kwenye foleni... simu tena, mtetemo mrefu, na yeye amefungua chupa, anachovya brashi, anasogea karibu na yule wa kiooni mwenye kovu kulia, "Kidevu, Margit, karibu tunaingia," nami nayafuata macho yake kiooni, sipepesi, tapentaini inanipanda puani, chafya inapanda, nashikilia, nashikilia, kovu hajalimaliza...