Mshono Uliokataa Kulala

Shemeji alileta gari asubuhi, fundi hata hajafunga aproni juu ya gauni lake. Dashibodi ilikuwa imepasukapasuka kwa jua, naye alitaka ivalishwe ngozi nyeusi yenye mishono miwili.

"Ila usifungue kitu, shemeji," akasema. "Bandika juu kwa juu."

Fundi akamtazama. Miaka kumi na minane ya kuvalisha magari, na hakuna mteja aliyewahi kumwekea mpaka kama huo. Huyu mume wa mdogo wangu ana lake jambo, akajisemea.

Akapima, akakata, akashona. Kila mshono aliupanua kwa nyuma, kingo zikaenda kulia na kushoto, akazipaka gundi na kuzigonga kwa nyundo ndogo mpaka zikalala kama karatasi. Upande wa dereva ulikaa barabara. Upande wa abiria ukagoma. Alipasha ngozi joto, akavuta, akabana kwa gumba. Akiachia tu, mshono unainuka. Akabonyeza. Pakabonyea kama godoro, mahali palipopaswa kuwa na kifuniko kigumu cha mfuko wa hewa, ule unaomkinga abiria gari likigonga.

Nje, shemeji alikuwa akizunguka na kuchungulia. "Bado tu?"

"Bado. Ngozi mbishi."

Shemeji alipokwenda kununua maji, fundi akachukua bisibisi. Kifuniko kilikuwa plastiki nyembamba ya kubandika. Chini yake, sponji imeshindiliwa. Mfuko haukuwepo.

Kiti hicho ndicho cha mdogo wake, kila siku ya Mungu.

"Njoo uone," alimwambia aliporudi. "Ulijua?"

Shemeji aliigusa ile sponji. "Kaka aliponiuzia gari alinionya nisiruhusu mtu kufungua. Eti mfuko utalipuka."

"Mtu mzima ukakubali?"

"Ni kaka yangu wa tumbo moja, shemeji. Ningemshuku vipi?"

"Mpigie. Hapa hapa, nisikie."

Akapiga, akaweka sauti juu. "Nimefungua dashibodi," alisema tu.

"Si nilikukataza wewe!" kaka akafoka, salamu hakuna. Shemeji akakata simu. Fundi bado hakujua kama amekata kwa hasira au kwa kuumbuliwa.

"Usimwambie mke wangu," akaomba.

"Utamwambia wewe leo, ama nitamwambia mimi. Na shimo hili silivalishi ngozi."

Akaibandua ngozi yote, akamrudishia gari lake lilivyo.

Wiki tatu baadaye shemeji na mkewe walirudi pamoja, mfuko mpya umeshafungwa. Fundi akashona, na juu ya kifuniko akatumia uzi dhaifu unaokatika mfuko ukifumuka. Safari hii mshono ulilala wenyewe.

"Haya, mdogo wangu, kaa mbele ujaribu," akasema.

Mdogo wake aliitazama dashibodi, akamtazama mumewe, kisha akafungua mlango wa nyuma.

"Huku panatosha, dada," akasema. "Wiki tatu hizi nimeshapazoea."