Upande wa Hisham Umebaki Mweupe

Mwanamke nisiyemjua alikuwa amesimama getini kwetu Jumamosi asubuhi, kizibao cha njano juu ya abaya, begani kabeba kifaa cha miguu mitatu. Kabla hajafungua mdomo nikamwelekeza kwa Kiarabu nyumba ya pili, yenye mafundi. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu mtu abonyeze kengele yetu akitutafuta sisi. Lori la kokoto, lori la maji, mtu wa madirisha, wote walikuwa wakienda kwa jirani yetu, binamu yangu Hisham.

"Yazid! Nani huyo?" Mama akapiga ukelele kutoka jikoni.

Mgeni akacheka, akageuza lugha. "Kumbe ni Waswahili wenzangu. Si kule, kaka. Nimekuja hapa hapa. Nnatoka ofisi ya ramani. Hii si nyumba ya Mzee Sleyum, aliyeleta pingamizi?"

"Ndiyo. Baba kenda Nizwa kwenye msiba."

Alinitazama vizuri. "Subiri. Wewe si Yazid wa Jiografia? Mimi Ghadeer. Nilikuwa mwaka wa kwanza wewe ukimaliza. Wewe ndiye uliyetufundisha kusimamisha kifaa hiki, pale chuoni Al Khoudh, kwenye maegesho ya magari."

Nilikumbuka maegesho, sikumkumbuka yeye. Kazi aliyokuwa ameivaa mwilini niliiomba mara mbili. Mara ya kwanza hawakujibu, mara ya pili walinishukuru. Tangu hapo nilikuwa nauza vioo vya simu katika duka la rafiki wa baba huko Matrah, na kila asubuhi, nikivuka milima kutoka Al Amerat, nilijiambia kwamba hii ni ya muda tu. Sasa msichana niliyemfundisha kukaza skrubu alikuwa mlangoni kwangu na kitambulisho kifuani. Nikamkaribisha kwa maneno yote ya adabu niliyokuwa nayo. Moyoni nilitamani kile kizibao kiasi cha kuona haya.

Mwezi uliopita ramani ya hatari ya mafuriko ilibandikwa kwenye ubao wa wilaya. Palipotiwa rangi nyekundu hakuna kibali kipya cha ujenzi. Palipobaki peupe, jenga upendavyo. Mstari ulipanda kutoka kwenye wadi, ule mto wa mawe makavu ulio nyuma yetu, ukapita juu ya ukuta wa kati ya nyumba zetu mbili, ambao Baba na mdogo wake, Ami Msellem, waliujenga kwa kuchangiana tofali kwa tofali. Upande wa Ami, na wa mwanawe Hisham, ni mweupe. Wetu mwekundu.

Juu ya paa letu nondo zimesimama tangu nilipokuwa darasa la sita, zikingoja ghorofa yangu. Baba yake Sayyida alipokubali posa yangu alisema jambo moja tu: binti yake hatakaa chumba kimoja ndani ya nyumba ya wakwe. Alinipa mpaka mwisho wa mwaka nianze kujenga. Bila kibali hakuna ghorofa, na bila ghorofa hakuna harusi. Mzee yule alikuwa mpole lakini si mtu wa kusema mara mbili.

Hisham alikuwa na kibali. Hisham, ambaye hesabu zake za shule nilikuwa nikimfanyia mimi, alikuwa na kazi bandarini, na mchumba, na sasa ngazi zilizopinda vizuri kuelekea ghorofa ya pili. Kila jioni nilihesabu safu za matofali yake kupitia dirisha la chumbani. Sikuwa na sababu ya kuzihesabu. Nikilala nilizikumbuka.

Ghadeer alitandaza ramani juu ya boneti ya gari lake.

"Mstari huu ulichorwa kwa picha za angani," alisema. "Ofisi inataka uthibitishwe kwa alama za maji zilizobaki ukutani baada ya ile gharika ya mwaka juzi. Kipimo ni nusu mita. Maji yakiwa yamepita nusu mita ndani ya nyumba, chumba chochote kile, nyumba ni nyekundu. Chini ya hapo tunaitoa."

"Na zile ambazo hazijaleta pingamizi? Zilizobaki nyeupe?"

"Nazipima zote za mtaa huu. Na kutoka kwenu mstari unashuka kwa hizi nyumba nne za bondeni. Zenyewe zimeshapigwa plasta upya, hazina alama tena. Kwa hiyo nitakachopata hapa juu ndicho kitakachoamua za kule." Akakunja kona ya ramani. "Tatizo langu ni watu. Kila mtu ananionyesha alama inayompendeza. Nahitaji mtu anayeujua mtaa, anishikie na fimbo ya kupimia. Lakini uniahidi. Kila alama unayoijua, unionyeshe."

"Nakuahidi," nikasema upesi mno.

Upesi, kwa sababu niliijua alama moja ndani ya nyumba ya Ami. Walipaka rangi mpya nyumba nzima baada ya gharika, lakini hakuna aliyepaka rangi kijumba cha mitungi ya gesi. Ningeweza usiku kucha kuichora upya ramani ile kichwani na kuipaka rangi nyekundu hadi kwenye ngazi za Hisham. Sikuwa nimefikiria kitu kingine chochote.

"Yakhe, msomi!" Hisham alitoka kwake na chupa ya chai ya maziwa na vikombe vitatu, vumbi la saruji kwenye nyusi. "Umepata kazi hatimaye? Au umeajiriwa kuwa fimbo?"

"Nashika fimbo tu."

"Basi ishike vizuri, dada wa watu asije akaandika kwamba naishi baharini." Akanimiminia mimi kwanza. Alikuwa hivyo siku zote. Gari langu likiharibika alinipa lake bila kuulizwa, na likirudi bila mafuta hakusema kitu. Ningempata na kosa moja, hata dogo, ningelala vizuri zaidi.

Niliwapeleka moja kwa moja kwenye kijumba cha gesi. Nambi, mfanyakazi wa kwa Ami, alikuja na funguo.

"Hapa ndani maji iliingia kweli," alisema. "Nilitoa matope na sufuria, boss. Siku mbili. Mgongo wangu unajua hiyo mvua kuliko hiyo karatasi."

"Wee Nambi, nani alikuambia uwe shahidi?" Hisham akamtania.

"Si mmeuliza? Mimi nimejibu."

Alama ilikuwepo, mstari wa udongo mwekundu, wazi kabisa. Niliisimamisha fimbo kando yake na moyo ukinidunda kwa furaha mbaya. Nilimwangalia Hisham aone kwamba nimeona. Yeye alikuwa akiangalia ngazi zake.

"Pima tu, dada," alimwambia Ghadeer. "Bora nijue kabla sijaweka marumaru."

Ghadeer akatazama kwenye kifaa, akaandika, akahamia mlango wa sebule, akatazama tena. Akapiga hesabu pembeni ya karatasi.

"Maji yalifika hapa, kweli," alisema. "Lakini sakafu ya nyumba iko juu ya sakafu ya kijumba hiki kwa karibu mita nzima. Ndani hayakuingia. Nyumba ni nyeupe."

"Marehemu Babu," Hisham alisema, akinigeukia kwa ile sura yake ya kukumbuka mambo mazuri. "Alimwambia baba'ngu anyanyue msingi matofali matano. Baba yako akacheka. Akamwuliza, mnajenga nyumba au mimbari?"

Nilicheka pamoja nao. Siku zote nilikuwa nimeamini kwamba Ami alimjua mtu ofisini. Kumbe kilichowaokoa ni matofali matano, na ulimi wa baba yangu mwenyewe.

Tuliporudi kwetu Mama alinivuta mkono hadi jikoni, akafunga mlango na kufungua bomba la maji ili tusisikike.

"Ile ya stoo usimwonyeshe."

"Ipi, Mama?"

"Usinifanye mjinga. Ile ya nyuma ya friza. Baba yako kaandika kwenye pingamizi kwamba maji yalifika kwenye goti. Na sebuleni yalifika kwenye goti. Hakusema uwongo."

"Na stoo?"

"Stoo si nyumba. Nani anaishi stoo? Mchele?"

"Mama, wewe ulisimama humo. Maji yalikufika kifuani."

"Nilisimama, nikatoka. Niko hapa nakuchemshia maharage." Akafunga bomba. Sauti yake ikashuka. "Yazid, mwanangu. Nnataka nikuone umeoa. Sitaki niwe nakwenda harusini kwa Hisham nikirudi nakukuta wewe dirishani."

Sikujua kwamba alikuwa ananiona dirishani.

Simu ikatetemeka mfukoni. Sayyida. Nikatoka varandani.

"Nimesikia mpimaji yuko kwenu," alisema. "Kheri inshallah?"

"Bado anapima."

"Baba kaniuliza tena asubuhi. Nikamwambia leo tutajua. Na kwa Hisham wamefika wapi? Dada yake ananitumia picha. Mashallah, zile ngazi!"

"Zimekaa vizuri," nikasema.

"Zetu tutaziweka nje au ndani?"

Alisema zetu. Nilimwambia nitampigia baadaye.

Ghadeer alikuwa sebuleni, amepiga magoti kando ya pazia, pale ambapo Baba alikataa kupaka rangi kwa sababu eti anataka kuionyesha serikali. Nilishika fimbo. Alitazama, akatazama tena.

"Sentimita arobaini na sita," alisema, na uso wake ukafunguka. Alikuwa anafurahi kwa ajili yangu, kabisa, na hilo nalo nikamwonea wivu, wepesi wa kumtakia mtu heri. "Chini ya nusu mita. Nikiandika hivi, naona mtatoka kwenye nyekundu. Kibali kitawezekana."

Mama aliyekuwa mlangoni akasema alhamdulillah mara tatu.

Ghadeer akafungua ukurasa mpya. "Kuna alama nyingine humu ndani, Yazid?"

Mashine ya zege ilikuwa ikizunguka kwa jirani. Kupitia dirisha nilimwona Hisham ameshika kiuno akimwelekeza fundi, na ghorofa yake ikiwa imeinuka nyuma yake kwenye jua, kijivu, mpya, imara. Niliitaka. Niliitaka ile ile, na ngazi zake, na ile chupa ya chai aliyokuwa akimgawia kila mtu bila kuhesabu. Neno moja lingenipa: hapana, hakuna nyingine. Ni neno jepesi, na mama yangu alikuwa tayari amelisema kwa niaba yangu.

Halafu nikafikiria zile nyumba nne za bondeni. Ya kwanza ni ya mjane mwenye watoto watano, anayetuletea mkate wa mofa kila Ijumaa. Arobaini na sita zetu zingeshuka mpaka kwake, na ofisi ingemwambia kwamba hapo ni salama, lala. Nikamfikiria Mama ndani ya stoo mchana ule, ameshikilia rafu kwa mikono miwili, mimi na Baba tukiusukuma mlango kwa nje na mlango haukubali. Mama amelisahau jambo hilo kwa makusudi, nami nilitaka kumsaidia asahau. Lakini getini asubuhi nilimpa mtu neno langu. Nililitoa kwa nia mbaya, nikiwa na nyumba ya mwenzangu kichwani. Hata hivyo sikuahidi kila alama isipokuwa zetu; niliahidi kila alama.

"Ipo," nikasema. "Stoo."

"Yazid," Mama akasema, si kwa ukali.

"Nisamehe, Mama."

Nilikwenda mbele. Stoo iko nyuma, upande wa wadi, unashuka ngazi nne kuingia, na katika miaka yote niliyosoma mambo ya miinuko na mabonde sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nikaweka kifua kwenye friza, nikasukuma. Halikusogea. Nikasukuma tena, samaki wa mwezi mzima wakagongana ndani yake.

"Chomoa umeme kwanza," Mama alisema nyuma yangu. "Utaukata waya, uniharibie na samaki." Akainama mwenyewe, akachomoa. Kisha akarudi akasimama mlangoni, mikono ameikunja, hanitazami.

Friza likasogea kwa kukwaruza sakafu. Ukutani kulikuwa na vumbi, utando wa buibui, na juu ya hivyo mstari wa udongo, umenyooka kama uliochorwa. Ghadeer alisimamisha kifaa mlangoni.

"Si lazima uishike wewe," aliniambia polepole. "Naweza kuiegemeza ukutani."

"Ikiegemezwa inapinda. Nilikufundisha mwenyewe."

Nikaisimamisha fimbo kwenye kona, nikailinganisha na mlango mpaka ikanyooka kabisa, nikaweka kidole kwenye mstari. Kwa jirani mashine ya zege bado ilizunguka, na ile ghorofa nilikuwa bado naitaka.

"Mita moja na sentimita kumi na tisa," nikasoma. Kalamu yake haikusogea, kwa hiyo nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka akaandika.