Kwa Siku Mbili Tu

Wanawake wa chumba cha pasi walimwita Kamanda kwa utani tu, maana sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu aliyeko msibani. Alipopandishwa kuwa msimamizi wao, baada ya miaka tisa ya kusimama kwenye mashine ileile, hakuna aliyemwonea kijicho. Alijua nani ana mimba na bado hajasema, na mgongo wa nani umechoka kuinama. Joto likizidi, yeye ndiye aliyekwenda kusimama upande wa kupokea mashuka, pale panapounguza, ili wenzake watoke nje kidogo wavute pumzi.

Kiwanda kilifua mashuka ya hospitali na ya mahoteli. Mashine ya pasi ilikuwa na rola mbili ndefu za moto, na mbele yake chuma chembamba kilichokaa kama fimbo ya pazia. Mkono ukikigusa, rola zinasimama. Mwezi ule swichi ya hicho kizuizi ililegea, ikawa inasimamisha mashine hata bila kuguswa, mara kumi, mara kumi na tano kwa zamu moja. Mashuka yakarundikana mpaka usawa wa dirisha.

Fundi alisema swichi mpya imeshaagizwa. Meneja, mtu wa maneno laini, akamwita Kamanda ofisini.

"Hospitali wananipigia simu tangu asubuhi. Niwaambie nini?"

"Waambie mashine ni mbovu, bosi. Tuizime mpaka swichi ije."

"Shida nakupa uitatue, siyo unirudishie mimi. Wewe si kiongozi? Basi tafuta njia."

Kamanda alirudi chumbani, akachana ukanda wa shuka kuukuu, akakifunga kile chuma kisicheze tena. Mashine ikaenda mfululizo. Aliyekuwa akilisha mashuka ni wifi yake, mdogo wa mume wake, ambaye Kamanda mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi pale.

"Wifi, hicho si ndicho kinachotulinda?"

"Kwa siku mbili tu, wifi. Fundi yuko njiani."

"Haya. Maadamu umesema wewe."

Siku mbili zikawa wiki sita. Meneja alipita, akautazama ule ukanda, akaendelea na safari yake. Kwenye kikao cha wasimamizi alimwinua Kamanda mbele ya wote, akamsifu, wenzake wakampigia makofi. Habari za swichi Kamanda aliziulizia mara mbili. Mara ya tatu alifika hadi mlangoni kwa meneja, akaona haya, akarudi.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Shuka lilijikunja, wifi akapeleka mkono kulinyoosha. Kamanda alikuwa anapanga foronya aliposikia yowe, akakimbilia kitufe chekundu. Rola zilisimama, lakini hazikuuachia mkono. Fundi alihangaika nazo kwa spana dakika kumi na moja, na muda wote huo chuma kilikuwa bado kina moto. Kamanda alimkumbatia wifi yake kiunoni asianguke. Wifi alikuwa anamwita mama yake, aliyekwisha kufariki.

Mkono wa kulia ulikatwa juu ya kiganja, kwenye hospitali ileile ambayo mashuka yake waliyapiga pasi wao.

Kesho yake Kamanda alikuta ukanda haupo. Meneja alikuwa na karatasi mezani, imeshachapwa. Iliandikwa kwamba mfanyakazi alikifunga kizuizi mwenyewe, kwa uzembe.

"Tia saini hapa, tumalizane."

"Si yeye, bosi. Ni mimi."

"Nani ameona? Kesho wakaguzi wanakuja. Ukijitaja, unajichimbia kaburi."

Hakusaini, wala hakukataa. Aliomba ruhusa, akaenda nyumbani. Mume wake alikuwa amekaa sebuleni, viatu bado miguuni, ametoka kumwona mdogo wake.

"Anasema chuma kilikuwa kimefungwa," alisema. "Nani alikifunga?"

Angeweza kusema hajui. "Mimi," alijibu.

Mume aliinuka, akachukua mto na blanketi, akahamia chumba cha watoto. Hakumpigia kelele. Afadhali angempigia.

Asubuhi Kamanda aliwaambia wakaguzi yote: nani alifunga, nani aliona akanyamaza, na kwamba yeye aliacha kuulizia kwa sababu makofi yale yalimwingia kichwani. Meneja alihamishiwa tawi jingine. Kamanda alifukuzwa. Swichi ilipatikana wiki hiyohiyo, na kuifunga kulimchukua fundi nusu saa.

Kwenda hospitali alikwenda peke yake. Wifi alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji nene kama mtoto mchanga aliyeviringishwa.

"Nimewaambia ni mimi," Kamanda alisema.

"Nimesikia."

"Nisamehe, wifi."

Wifi aligeukia ukuta. "Unajua kinachoniuma? Angefunga meneja, ningekataa kuishika ile mashine. Sote tungekataa. Tulikubali kwa sababu ni wewe."

 Kamanda alikaa mpaka muuguzi akaja kumwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Sasa anashona sare za shule kwenye karakana moja ndogo. Mwezi uliopita mwenye karakana alimwomba awe kiongozi wa meza yao. Alikataa, na hakutoa sababu. Ila wiki hiyo aliona waya wa cherehani ya jirani yake umechubuka, nyaya za ndani zinaonekana. Alichomoa plagi, akauviringisha waya, akauweka mapajani.

"Mama, tuna kazi ya kumaliza!" mwenye karakana alifoka.

"Najua," alisema kwa sauti yake ileile ya chini, akabaki ameushikilia mpaka fundi umeme alipoitwa.