Mkono wa Pili wa Rangi

Kwachuu! Sauti ilitoka mabenchi ya nyuma kanisani, na mmisionari kijana, aliyekuwa mimbarini akiomba, akadhani pazia limechanika. Alipofumbua macho alimwona bibi mmoja wa kwaya akijibandua kwenye benchi, gauni lake jeupe limejaa mistari ya buluu kama punda milia.

Kijana huyo alikuwa amevuka mipaka miwili kuja kuhubiri hapa, mara yake ya kwanza ugenini. Jana yake fundi rangi, mwenyeji wake, alimwonya: "Mwanangu, mkono mmoja wa rangi unatosha. Ukipaka wa pili, mabenchi hayatakauka kufikia ibada." Yeye akajibu kwamba kazi ya Mungu haifanywi nusunusu, akapaka.

Sasa waumini wote walikuwa wamesimama, wakikaguana migongo.

"Mhubiri," bibi alipaza sauti, "mbona umetunasa hata hujafungua Biblia?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Kijana akatazama mahubiri yake ya saa nzima, kurasa ishirini juu ya unyenyekevu. Akayakunja, akayatia mfukoni.

"Ndugu zangu, niliambiwa, nikajifanya najua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nimewaharibia nguo. Nisameheni. Mahubiri yamekwisha."

"Amina!" walinguruma, na fundi rangi ndiye aliyewashinda wote kwa sauti.

Kijana akashuka, akamshika mkono, huku naye akicheka.

"Baba, gauni la bibi nitalisafisha mimi mwenyewe. Na kesho nipe msasa niyasugue mabenchi, nitafanya utakavyoniambia."