Mawe ya Redio ya Mjomba Ilyasi

Mjomba Ilyasi alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Nyamirambo, hodari wa suti na bahili wa mawe ya redio. Betri hizo zikichoka hakununua nyingine. Alizianika juu ya bati pamoja na pilipili, na jioni akazirudisha kwenye redio kaseti yake, akisema kitu bado iko na nguvu, watu ndio hawana subira.

Mpwa wake wa kike, Gaju, alikulia kando ya redio hiyo. Mjomba alikuwa na kaseti moja aliyoipenda kuliko zote, nyimbo za Wazungu za miaka ya sabini: mtu na piano yake, akiimba ya moyoni mwake bila kuazima maneno ya mtu. Gaju alizisikiliza huku akishona vifungo, kisha akaenda kuzitafuta kidole kwa kidole kwenye piano ya masista wa parokia. Masista walidhani anajifunza nyimbo za misa, naye, Mungu amsamehe, alinyamaza. Baadaye akaanza kutunga zake, za Kiswahili, za mtaani kwake.

Mwaka wa tisini na mbili, mpiga piano wa hoteli moja ya Kiyovu, mtaa wa wakubwa, alirudi kwao Ulaya kwa kuogopa vita vya kaskazini. Gaju akajipeleka mwenyewe. Msimamizi, Révérien, mtu wa tai na manukato ambaye wafanyakazi walimwita patroo, yaani bosi, alimsikiliza akiwa amesimama.

"Madmazeli, njoo Jumamosi mchana, watu warudi kwao kabla ya saa ya kufungiwa, ile amri ya kutotoka usiku. Utapiga zile za zamani. Wageni wakipenda, kazi iko yako."

"Na zangu?"

"Zako utaimba kwenu jikoni. Hapa watu wanataka kitu wanajua."

Gaju aliitaka kazi hiyo kwa sababu ya piano tu. Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa wakimbizi wa vita, na piano ya masista ilikuwa imefungiwa stoo. Mtunzi asiye na chombo ni mpishi asiye na moto. Akaapa kwamba hatarudi Nyamirambo mikono mitupu.

Jumamosi ukumbi ulijaa watu wa balozi, maofisa wa wizara na wake zao. Gaju alianza na wimbo aliouamini kuliko wote. Wageni wakautambua, nyuso zikachangamka, wakaanza kuimba naye. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Yeye bado yuko kwenye ubeti, wenzake wameshafika kwenye kiitikio. Akajaribu kuwakimbilia, vidole vikagoma. Wao waliimba juu, yeye chini, kama mtu aliyetumbukia kisimani. Mama mmoja akachekea ndani ya leso. Wengine wakanyamaza kwa adabu, na adabu hiyo ilimuuma kuliko kicheko.

Révérien akamwinamia sikioni. "Iko nini? Mbona unatembea kama unasindikiza maiti?"

Ndipo Gaju alipoelewa. Mawe ya redio. Miaka yote hiyo kaseti ilikuwa ikijikokota kwa betri zilizochoka, sauti imeshuka, mwendo umelegea, naye akaujifunza uchovu huo wote akidhani ndio wimbo. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alitamani kumlaani mjomba, bati lake na jua lenyewe. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na yeye alikuwa ameshazivua.

Akainua mikono, akawageukia wageni. "Huo nimeujifunza vibaya. Redio ya kwetu iko na mawe yamechoka. Sasa naimba ule najua mwenyewe."

"Madmazeli," alionya Révérien.

"Patroo, unifukuze nikimaliza."

Akaimba wa kwake, wimbo wa mjomba anayepanda kilima cha Nyamirambo na cherehani kichwani. Mwendo ulikuwa uleule wa kujikokota, sauti ileile nzito, piano ikipanda taratibu chini ya maneno. *Polepole, mjomba, kilima hakihami.* Hakuna aliyemtangulia, kwa kuwa njia hiyo aliijua yeye peke yake. Zile nyimbo za miaka ya sabini zilikuwa humo ndani, ila zilikuwa zimepitia kwenye redio ya fundi kwanza.

Alipomaliza, yule mama wa leso ndiye aliyesema, "Rudia."

Révérien alimtazama mama, akatazama meza zilizotulia, akarekebisha tai yake. "Rudia, basi. Na Jumamosi ijayo utaanza na huo."

Gaju akarudia. Safari hii kiitikio kiliimbwa na ukumbi mzima, Kiswahili cha kila namna. Kabla ya neno *kilima* palikuwa na mahali alipozoea kusimama kidogo, kama mtu anayeweka mzigo sawa kichwani. Alifika hapo, akasimama. Wote walimsubiri.